Mwalimu wa Ngumbaru Hakuruka Ukurasa

Kwa miaka ipatayo kumi na mitano nilimjua mwalimu wa ngumbaru wa kijiji chetu, na katika miaka hiyo yote sikumwona akiruka ukurasa wa kitabu. Hata ule wenye majina ya askari waliokufa, majina zaidi ya mia na yote ya kigeni, aliusoma jina kwa jina, sisi tumekaa sakafuni tunachambua tumbaku na kupiga miayo. Mtu mmoja akamwambia, "Mwalimu, hao si wamekwishakufa? Twende kwa walio hai." Alimtazama juu ya miwani yake, ambayo mkono wake mmoja ulikuwa uzi. "Sawa," akasema. "Na wewe ukifa, nitakuruka." Akarudi kwenye orodha.

Sitaeleza alizaliwa wapi wala alikuwa binti wa nani. Mwenyewe alizichukia habari hizo. Ukimuuliza ukoo wake alikuuliza kama unataka kumwoa au kumzika. Jina lake pia sitaliandika, kwa kuwa hatukulitumia. Alikuwa Mwalimu, na waliomzidi umri, ambao hawakuwa wengi, walimwita Mwalimu vilevile.

Kijiji chetu kiko upande wa Inyonga, mwendo wa saa mbili kwa baiskeli ndani ya miombo. Siku hizi tuko Katavi. Wakati ninaousema, mwanzoni mwa miaka ya tisini, tulihesabiwa Rukwa, na wilaya yetu ilikuwa Mpanda. Tulilima tumbaku na mahindi, tukarina asali. Mwalimu aliletwa zamani kufundisha watu wazima kusoma, katika lile darasa la bati tuliloliita la ngumbaru. Kisha chaki zikaacha kuja, wanafunzi wakapungua, na chama cha wakulima kikaliomba jengo liwe mahali pa kupangia tumbaku madaraja, kwa sababu paa lake halikuvuja. Serikali ya kijiji ikakubali. Hakuna aliyemwambia Mwalimu. Siku ya kwanza ya kazi tulimkuta amekaa kwenye kiti chake mbele ya ubao, kitabu mapajani.

"Nyie endeleeni na kazi yenu," alisema. "Na mimi naendelea na yangu."

Asiyejua tumbaku aelewe kwamba kupanga madaraja ni kazi ya wiki nyingi. Unanyanyua jani moja moja, unatazama rangi na madoa, unaliweka kwenye fungu lake. Mikono ina kazi, macho yana kazi, masikio hayana. Mwalimu aliona masikio arobaini yamekaa bure.

Kitabu chenyewe kilikuwa kinene kama tofali la kuchoma. Hakikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo, kwa hiyo hakuna aliyejua kinaitwaje wala kimeandikwa na nani. Alikipata Karema, kwa sista mmoja mzee aliyekuwa anarudi kwao. Kilikuwa cha Kiingereza, herufi zake kama sisimizi. Mwalimu alitazama Kiingereza akatamka Kiswahili, bila kusita, kidole kikitembea chini ya mstari. Ilikuwa habari ya nchi mbili zilizotenganishwa na mto, na vita vya miaka thelathini, na familia ambazo zilianza kitabu zikiwa na mababu na kukimaliza zikiwa na vitukuu. Kulikuwa na jemadari aliyeogopa paka. Kulikuwa na mwanamke mwenye kivuko, aliyevusha majeruhi wa pande zote mbili na kuwatoza nauli ileile. Majina yao yalitushinda, tukawapa ya kwetu. Jemadari tulimwita Masharubu, na hadi leo yupo mtu kijijini anaitwa Masharubu wala hajui kwamba jina lake limetoka vitani.

Mimi nilikuwa na kidato cha nne, na kwetu wakati huo hicho kilikuwa kitu. Sikuamini kwamba mama aliyesoma shule za zamani, tena akaishia katikati, angeweza kukigeuza Kiingereza cha namna ile. Siku moja alipotoka kuvuta ugoro wake, nilikwenda na kamusi yangu ya mfukoni nikaanza kulinganisha. Kila kitu kilikuwemo. Hata mvua iliyonyesha dirishani wakati watu wawili wanazungumza, mvua isiyokuwa na kazi yoyote katika habari ile, alikuwa ameisoma. Aliporudi alinikuta nimeinama.

"Umegundua nimeiba nini?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi nirudishie alama yangu ulipoikuta."

Alama yenyewe ilikuwa jani la tumbaku, zuri, la rangi ya dhahabu. Nadhani ndicho kitu pekee alichowahi kujichukulia katika jengo lile.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa mchoyo wa chumvi. Aligombana na jirani yake miaka mitatu kwa ajili ya chekecheo, na siku chekecheo lilipoonekana chini ya kitanda chake mwenyewe hakuomba radhi, alipeleka kuku tu, akamfunga mlangoni akaondoka. Aliwakemea wavuta sigara huku pua yake imejaa ugoro. Alitukataza kumkatiza, lakini yeye alimkatiza kila mtu, na mara moja alimkatiza padri katikati ya mahubiri kumwambia kwamba habari ile ameshatueleza Jumapili ya juzi. Misibani hakutoa chozi. Lakini farasi wa mpiga tarumbeta alipokufa kitabuni, alikifunga kitabu, akatoka nje, na siku hiyo hatukusomewa tena. Tulichambua kimya kama tuliofiwa.

Ugomvi wetu mkubwa naye ulitokea siku kitabu kilipovuka mto. Kwa wiki nyingi tulikuwa tumekaa ng'ambo ya huku, kwa Masharubu, mpaka tukawachukia watu wa ng'ambo ya pili kama nzige. Sura mpya ikafunguka kwao, jikoni. Mwanamke alikuwa anakwangua ukoko wa uji uliounguzwa, ampe mtoto. Fundi baiskeli, jirani yangu, akatupa fungu lake chini.

"Hao hatutaki habari zao. Turudi kwetu."

Wengi waliguna kumuunga mkono.

"Kwenu ni wapi?" Mwalimu akamuuliza.

"Kwa Masharubu."

"Masharubu amekupa shamba?"

Watu wakacheka, lakini fundi hakucheka. "Wametuulia watu, Mwalimu. Wewe mwenyewe umetusomea majina."

"Wamewaua, kweli. Na leo mtoto wao anataka uji. Ukitaka kutoka, mlango ule pale. Ila kesho usije kuniuliza kama mtoto alikunywa."

Hakutoka. Baada ya siku kumi hivi, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia asubuhi na kuuliza yule mtoto wa ng'ambo amepona surua. Mimi niliona ni kichekesho. Sikuona kwamba tulikuwa tunafanyiwa kitu. Mwalimu alikuwa na msemo wake: "Kitabu kifupi kitakuonyesha mkosaji. Kitabu kirefu kitakukalisha nyumbani kwa mama yake mpaka ugali uive." Aliamini, na aliamini hasa, kwamba watu huuana kwa sababu kila mmoja amesikia ukurasa mmoja tu wa habari za mwenzake. Kama wangevumilia kurasa mia nane, alisema, mikono ingekuwa mizito.

Redio siku hizo ilikuwa imeanza kutaja haki za binadamu, asubuhi na jioni, pamoja na habari za vyama vingi. Mama mmoja aliyekuwa hodari kutuzidi wote kwa kuchambua, ambaye tulimwita Mama Daraja la Kwanza, akauliza, "Mwalimu, hizi haki za binadamu ni za akina nani? Za watu wa Dar?"

"Zipo mbele," alijibu Mwalimu. "Tutazifikia."

"Zikifika mnishtue, nisije nikawa nimetoka kujisaidia."

Sasa nieleze kosa langu, kwa kuwa bila hilo mtu hawezi kuuona ukubwa wa Mwalimu.

Nilikuwa na bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku. Ndani yake majani yametungwa kwenye fito kutoka chini hadi juu, na sakafuni kumepita mabomba ya bati yanayobeba moto wa tanuru. Mwishoni, wakati wa kukausha vikonyo, moto huongezwa sana. Kabla ya kuuongeza unaingia ndani na kuyafagia majani yote yaliyoanguka juu ya mabomba. Hilo anajua hata mtoto. Jani moja kavu juu ya bomba la moto, bani lote limekwenda. Siku ile nilikuwa na mkutano wa walinzi wa jadi, sungusungu wa kijiji chetu, na mimi nilikuwa katibu wao kwa ajili ya mwandiko wangu. Nilipenda sana ile kazi ya kalamu. Nikaongeza magogo makubwa ili nisilazimike kurudi upesi, sikufagia, nikaenda. Alasiri tukiwa bado mkutanoni tuliona moshi.

Nilijua tangu nilipouona. Kwa mkulima wa tumbaku hakuna aibu kama hiyo; ni kama mama kuunguza mtoto kwa maji ya kuoga. Watu walifika wakaniuliza nani amefanya hivi. Siku iliyotangulia nilikuwa nimegombana na mfugaji mmoja Msukuma, aliyehamia kwetu na ng'ombe wake miaka michache nyuma, kwa sababu ng'ombe wale waliingia mahindini kwangu. Sikusema ni yeye. Nilisema tu, "Jana tuligombana na yule mfugaji." Yaliyobaki walisema wenyewe.

Kesho yake walinzi waliamua atengwe. Kwetu kutengwa kulikuwa hivi: mtu asimsalimie wala kumjibu, asimpe moto wala chumvi, mashine isimsagie, pampuni ateke maji wenzake wakishaondoka. Akifiwa azike mwenyewe. Mke wake akizaa, wakunga wasiende. Atakayevunja atoe ng'ombe, na asiye na ng'ombe atengwe naye. Mke wa mfugaji alikuwa na mimba ya miezi minane, na mimba iliyotangulia ilikuwa imemwendea vibaya. Wote tulijua. Kamanda wa walinzi alitamka hukumu, na mimi nikaiandika kwa mwandiko wangu mzuri.

Mwalimu hakuja mkutanoni, hakupenda mikutano. Asubuhi iliyofuata tulimsubiri darasani hakuonekana. Mtu akaja kutuambia kwamba amebeba kiti chake, amekiweka njiani, kando ya uzio wa miiba wa mfugaji, kwenye kivuli cha mninga, na anasoma kwa sauti palepale tulipoishia.

Kamanda alinichukua twende. Alikuwa mtu mrefu, mwenye upinde begani na pembe ya kupigia mbiu, na kila mtu alimwogopa.

"Mwalimu," akasema, "unaongea na waliotengwa."

"Naongea na kitabu."

"Wanakusikia."

"Mbuzi wako wawili pale nao wananisikia. Watoze."

"Mwalimu, usinichezee. Nitakutoza ng'ombe."

"Sina ng'ombe. Nina kuku mmoja, naye hatagi. Nitenge basi, tena nitashukuru, maana watu wa kijiji hiki wananikatiza sana. Muulize katibu wako kama ameandika kwamba mtu asisome."

Kamanda akanigeukia. Daftari nilikuwa nalo. Nililifungua nikatazama, ingawa sikuwa na haja ya kutazama. "Kusoma haimo," nikasema. Watu waliniona nina msimamo siku ile. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimesikia kikohozi cha mwanamke nyuma ya miiba, karibu kabisa.

Alisoma pale siku ya kwanza na ya pili. Darasani kukawa kimya, na kuchambua tumbaku kimya ni mateso. Siku ya tatu Mama Daraja la Kwanza alifunga mafungu yake kwenye gunia lililoloweshwa, majani yasije yakakauka, akaenda akatandika mkeka chini ya mninga. "Mimi sisemi na mtu," alimwambia kamanda alipopita. "Nachambua." Fundi baiskeli akafuata. Kufikia siku ya sita sehemu kubwa yetu tulikuwa tumehamia njiani, na ndani ya uzio tuliweza kuwaona kwa vipande kati ya miiba: mfugaji amechuchumaa, mke wake amekaa amenyoosha miguu iliyovimba, wote wawili wamegeuzia uso upande wa sauti. Hatukuwasalimia. Mwanamke wa kivuko alipomjibu jemadari kwa jeuri tulicheka sisi, na ndani walicheka. Halafu tukanyamaza pande zote mbili, kama tuliofumaniwa.

Siku ya tisa ilisomwa sura ya msagishaji. Katika kitabu, msagishaji wa ng'ambo ya pili alikamatwa na majeshi ya huku kwa kusingiziwa kwamba aliwasha moto kilimani kuwaita adui. Wakamhukumu ndani ya nyumba yake mwenyewe ya kusagia unga. Maofisa walikuwa wanakula. Mmoja alilalamika nyama ni ngumu. Mashahidi walisema waliuona moto. Hakuna aliyesema amemwona mtu. Msagishaji amesimama na unga kwenye nyusi. Wakaanza kubishana atupwe mtoni kabla au baada ya chakula.

"Mbona hawamuulizi?" alisema Mama Daraja la Kwanza.

Mwalimu aliendelea kusoma. Ofisa mmoja akapangusa kisu.

"Jamani, si wamuulize kwanza. Mtu ana mdomo."

"Wamuulize," alisema fundi baiskeli.

Mwalimu alifika mwisho wa aya, akageuza ukurasa. Ndipo yule mama alipoacha jani likaning'inia mkononi, akautazama uzio kwa muda mrefu, kisha akanitazama mimi.

"Katibu," akasema, "na sisi tulimuuliza?"

Wote walinigeukia. "Hapana," nikasema.

"Kwenye daftari hakuna?"

"Hakuna. Hatukumuuliza."

Yule mama aliinuka, akakung'uta kanga yake, akaenda zake kwa kamanda, na wanawake kama saba hivi wakamfuata. Mwalimu alisoma sura mpaka mwisho, ingawa waliobaki kumsikiliza walikuwa wachache. Niliwahi kumuuliza baadaye kwa nini, akijua kabisa sura ile iko mbele, na siku za mimba zinakwisha, hakuiendea siku ya kwanza. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini hakuvuna mahindi mabichi. "Ningeiruka mngesema nawahubiria," alisema. "Tena huyo msagishaji mngekuwa hamumjui. Mngemwacha atupwe."

Mkutano uliitishwa kesho yake na mfugaji akaitwa katikati. Aliulizwa alikuwa wapi alasiri ile. Akasema alikuwa joshoni anaogesha ng'ombe, na akataja watu aliokuwa nao. Watatu kati yao walikuwa wamekaa palepale mkutanoni.

"Mbona hukusema?" kamanda aliuliza.

"Nani aliniuliza?"

Akafunguliwa. Usiku haujaingia, mkunga alikuwa amekwishavuka uzio, na baada ya wiki mbili alizaliwa mtoto wa kike, mzima. Nimewasikia watu wenye elimu wakizieleza haki za binadamu kwa saa nzima. Mimi niliziona siku ile zikitoka kitabuni na kutembea njiani kwa miguu ya Mama Daraja la Kwanza. Tangu hapo, walinzi wa kijiji chetu hawakumtenga mtu kabla ya kumuuliza. Yule kamanda mwenyewe, akitaka kufungua kesi, alisema, "Haya, tuanze na habari ya msagishaji."

Lakini kuna la mwisho. Mfugaji alipofunguliwa, kamanda aliniuliza mbele ya wote, "Sasa bani lako limechomwa na nani?" Nilikuwa na nafasi nzuri, na kijiji kizima kilikuwa kimelainika kama tumbaku ya asubuhi. Nikasema, "Mungu ndiye ajuaye." Kiangazi kilipoingia, mfugaji alihamisha mji wake, watu na zizi. Watu walimsalimia sasa, lakini kwa macho ya chini, na mtu hawezi kuishi kati ya macho ya chini. Alikwenda upande wa Mpimbwe. Nilimwona akipita na ng'ombe, mke wake nyuma na mtoto mgongoni, nikajificha ndani.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini nilikwenda Mpanda kutibiwa goti. Mwalimu alikuwa amehamia huko kwa binti wa kaka yake, karibu na stesheni. Nilimkuta barazani, amekonda, mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili. Alinijua kwa sauti, akaniamuru nimsomee kitabu kilekile. Nilisoma vibaya, Kiingereza changu kilikuwa kimeota kutu. Nikafika mahali pagumu nikapapita.

"Umeacha kitu," alisema.

"Maneno mawili tu, Mwalimu."

"Ni mengi. Mbona sauti yako imekimbia?"

Nilikifunga kitabu. Sijui kwa nini siku ile, baada ya miaka yote, lakini nilimweleza: magogo, majani, mabomba, kalamu. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo lilinitisha.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Sikujua. Niliwaza tu kwamba mabani huwaka yenyewe mara nyingi kuliko yanavyochomwa. Wewe nilikuhesabu mwoga kama wenzako. Sikujua una woga wako binafsi."

"Naomba unisamehe, Mwalimu."

"Mimi sikutengwa." Akatafuta ugoro wake kwenye pindo la kanga. "Yule mtu yuko Majimoto. Watu wanaoleta mchele sokoni hapa wanamfahamu."

"Nitakwenda. Nikimaliza kuvuna, nitakwenda."

"Lori linaondoka asubuhi," alisema. "Nitakwenda na wewe."

Binti wa kaka yake alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Shangazi, na macho hayo?"

"Siendi kutazama."

Alikwenda kweli. Nilimpandisha kwenye lori mbele, karibu na dereva, akasafiri siku nzima kupitia Sitalike na mbuga, akiniuliza njia nzima ninaona nini, na nikimjibu kwa kifupi alikasirika. Usiku tulilala kwa Wakatoliki wenzake. Asubuhi nilimshika mkono tukaingia kwenye mji wa mfugaji.

Alikuwa amezeeka. Alisimama akanitazama. "Katibu," akasema, bila zaidi. Lakini alipomtambua aliye kando yangu alivua kofia. "Mayu," alimwita, kama mtu anavyomwita mama yake, akamletea kiti chenye mgongo na maziwa mgando kwenye kibuyu. Na mimi nilipewa. Sikuweza kunywa. Nikasema yaliyonileta.

Mfugaji alivaa tena kofia yake. Kisha akauliza, "Siku unaandika jina langu kwenye daftari, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Na siku ile niliposimamishwa katikati?"

"Nilikuwa najua."

Alimwita mke wake, aliyekuja na unga mikononi, na binti yao aliyekuwa tayari kwenda shule, na sare yake ya bluu. Akawakalisha. "Rudia, Katibu."

Nilimgeukia Mwalimu. Mwanamke aliyemkatiza padri, nilitaraji angesema neno moja la kunisaidia. Alikuwa amekaa wima, uso wake kwangu, macho meupe hayaoni kitu, na midomo ameifunga. Nikaanza upya. Nilipofika kwenye bani nikataka kwenda haraka.

"Polepole," alisema mke wa mfugaji. "Huyu hajawahi kuona tumbaku."

Basi nilimweleza mtoto bani ni nini, na majani hutungwaje, na moto hupitaje ndani ya mabomba, na kwa nini lazima ufagie. Alisikiliza vizuri, madaftari yake kwapani. Nilipomaliza aliuliza, "Sasa kwa nini ulisema ni baba?"

Nilitaka kumwambia sikusema ni yeye, nilitaja ugomvi tu. Lakini mama yake alikuwa ananitazama.

"Niliogopa kuchekwa," nikasema.

Mtoto akafikiri. "Basi?"

"Basi."

Mfugaji alitazama chini, mke wake akaanza kujipangusa unga, kidole kimoja kimoja. Kando yangu nilimsikia Mwalimu akishusha pumzi ndefu, kisha akaunyoosha mkono gizani mwake na kuuliza kama maziwa yamebaki.